Kabla ya Namba, Mahali: Elektrodi na Kipimo cha Msuli Uliosisimuliwa kwa Umeme

Hotuba kwa wanafunzi wa fiziotherapia na wa huduma ya usingizi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa fiziotherapia na mliotoka chumba cha upasuaji, habari za asubuhi. Wanafunzi, sogeeni mbele, viti vya nyuma waachieni watakaochelewa.

Nimeombwa nizungumzie mashine za kusisimua misuli kwa umeme. Kazi ya kila kitufe mtaisoma kwenye kijitabu kinachokuja na mashine, kwa hiyo sitaigusa. Nitazungumzia jambo ambalo vijitabu hivyo hulipitia juujuu tu: mahali unapobandika elektrodi, zile pedi zinazopitisha umeme ngozini. Ninachowaambia ni kwamba nguvu ya msuli uliosisimuliwa kwa umeme haiwezi kusomwa bila kujua elektrodi zilikaa wapi. Mgonjwa awe yuleyule, msuli uleule, mashine ileile, na mkondo uleule. Sogeza pedi sentimita mbili, namba inabadilika. Na kwa namba hiyo ninyi ndio mtakaoamua kama paja la mgonjwa linarudi au linazidi kusinyaa, na kama mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa ili apasuliwe yuko tayari kutolewa mpira wa kupumulia. Ndiyo maana jambo hili linaninyima raha ninapoona linachukuliwa kirahisi.

Tuanze na kinachotokea chini ya pedi. Mkondo unapita kati ya elektrodi mbili kupitia ngozi, mafuta na msuli. Chini ya elektrodi hasi, utando wa neva hupoteza tofauti ya chaji iliyopo kati ya ndani na nje, na hapo ndipo mpigo wa neva unapozaliwa. Chini ya elektrodi chanya utando hufanywa mgumu zaidi kusisimka. Kwa hiyo pedi hizo mbili hazifanani kazi, hata kama zimetoka kwenye pakiti moja. Mashine ikiwa ya mipigo ya upande mmoja, ukibadilishana waya, msuli uliokuwa unaruka kwa mkondo mdogo utadai mkondo mkubwa zaidi. Mashine za mipigo ya pande mbili iliyo sawa hupunguza tofauti hii, lakini ni vizuri ujue uliyonayo mkononi ni ipi.

Wengi wetu tunaposema tunasisimua msuli, kwa kweli tunasisimua neva. Uzi wa neva husisimka kwa mpigo mfupi sana, kama 0.2 ya milisekunde. Uzi wa msuli wenyewe unahitaji mpigo mrefu zaidi kwa mara nyingi. Paja linapokaza chini ya pedi, yaliyojibu ni matawi ya neva yaliyotawanyika ndani ya nyama ya paja. Mtalithibitisha hili mkimpokea kijana aliyeanguka na bodaboda, neva za bega zikang'oka, na sasa ni miezi kadhaa. Mipigo mifupi hailitikisi bega lake hata ukiongeza mkondo. Utalazimika kutumia mipigo ya makumi ya milisekunde ili nyuzi za msuli zijibu zenyewe. Kwa mtu huyo ile sehemu moja yenye wepesi wa kujibu, tuliyozoea kuitafuta kwa mtu mwenye neva nzima, imepotea.

Sehemu hiyo ina historia yake. Luigi Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 majaribio yake ya umeme kwenye miguu ya vyura, na dunia nzima ikashangaa kuona mguu wa chura aliyekufa ukiruka. Lakini aliyetuonyesha umuhimu wa mahali kwa binadamu aliye hai ni daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne wa Boulogne. Kabla yake ilikuwa kawaida kuchoma sindano ili kufikisha umeme ndani. Duchenne alitumia elektrodi zilizoloweshwa, akazigandamiza juu ya ngozi, na katika maandishi yake ya 1855 akaeleza kwamba kila msuli una mahali pake ambapo hujibu vizuri kuliko pengine. Robert Remak wa Berlin akatoa sababu: ni pale neva inapoingia kwenye msuli. Hugo von Ziemssen akazichora sehemu hizo na kuzithibitisha kwa kupasua maiti. Leo tunaziita nukta za mwendo, na tunazitafuta kwa njia ambayo Duchenne angeitambua mara moja: elektrodi ndogo kama kalamu, mipigo michache kwa sekunde, mkondo mdogo, unatembeza ngozini taratibu hadi upate mahali msuli unaporuka kwa mkondo mdogo kuliko kwingine kote.

Sasa niwapeleke kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu hapo kosa la sentimita mbili linaweza kumgharimu mtu pumzi.

Mnajua kwamba tangu mwaka 1942, Harold Griffith na Enid Johnson walipotumia kurare kwa mgonjwa wa upasuaji kule Montreal, dawa za kulegeza misuli zimekuwa sehemu ya kazi ya usingizi. Zinamsaidia mpasuaji, lakini zinalegeza pia misuli ya kupumulia na ya koo. Mwisho wa upasuaji lazima tujue kama nguvu imerudi. Mwaka 1970, kule Liverpool, Ali, Utting na Gray walieleza njia tunayoitumia hadi leo: mipigo minne ya umeme kwenye neva ya alna, miwili kwa kila sekunde, kisha unalinganisha mruko wa nne wa kidole gumba na ule wa kwanza. Dawa ikiwa bado ipo, miruko inafifia kadiri inavyofuatana. Uwiano ukifika 0.9 au zaidi, tunasema nguvu imerudi kiasi cha kumtoa mpira.

Hebu tuuangalie mkono wenyewe. Neva ya alna inashuka upande wa kidole kidogo. Ukikunja kifundo kidogo utaona kano nene upande huo. Neva ipo jirani yake, upande wa kuelekea katikati ya mkono. Elektrodi hasi inakaa hapo, sentimita moja au mbili juu ya mkunjo wa kifundo. Elektrodi chanya inafuata juu yake, kuelekea kiwiko, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ziwe zimeachana kama sentimita tatu hadi sita. Ngozi isuguliwe kwa spiriti, kisha iachwe ikauke, kwa maana spiriti mbichi chini ya jeli inaharibu mguso.

Ukiwasha, angalia kidole gumba tu. Msuli tunaoupima ni adakta, ule unaokivuta kidole gumba kuelekea kiganjani, na unapata neva yake kutoka kwa alna. Karibu misuli mingine yote ya kitako cha kidole gumba hutegemea neva ya mediani, inayopita katikati ya kifundo. Ukibandika pedi kuelekea katikati, unaisisimua mediani, kidole gumba kinapinda kwa njia nyingine, na mashine iliyofungwa kwenye kidole hicho inaandika mwendo wa mseto wa misuli miwili au mitatu. Ukizipandisha pedi juu sana kwenye mkono, mkondo unaigusa misuli inayokunja vidole na kifundo, na mkono mzima unatikisika. Nimewaona watu wazuri kabisa kazini wakihesabu miruko ya vidole vinne na kuandika kwamba mgonjwa amejibu mara nne, huku kidole gumba kimetulia.

Hapa kuna jambo linalohitaji uangalifu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote leo. Makosa ya mahali hayana uzito mmoja. Yapo yanayopunguza namba, na yapo yanayoidanganya.

Pedi ikiwa mbali kidogo na neva, sehemu tu ya nyuzi za neva husisimka. Mruko unakuwa mdogo. Lakini mipigo yote minne inasisimua sehemu ileile, kwa hiyo uwiano wa mruko wa nne na wa kwanza hauharibiki sana. Ndiyo nguvu ya njia ile ya Liverpool: mgonjwa anajilinganisha na nafsi yake ndani ya sekunde mbili. Kinachopotea hapo ni ukubwa wenyewe wa mruko. Ndiyo maana tunapotaka kuufuata ukubwa huo tunapandisha mkondo hadi mruko usikue tena, halafu tunaongeza kama asilimia 20 juu yake, ili nyuzi zote ziwe zimesisimka na mabadiliko madogo ya mguso yasitusumbue.

Pedi ikikaa juu ya nyama ya msuli wenyewe na mkondo ukiwa mkubwa, nyuzi za msuli huanza kujibu moja kwa moja. Dawa ya kulegeza misuli inafanya kazi pale neva inapokutana na msuli. Umeme unaoufikia msuli bila kupitia hapo hauoni kizuizi chochote. Unapata miruko minne mizuri, haififii, na mgonjwa bado amelegea. Hakuna kitu kwenye kioo cha mashine kitakachokuonya.

Hatari hii iko zaidi usoni. Mikono inapokuwa imefunikwa na vitambaa vya upasuaji, ni rahisi kubandika pedi karibu na jicho na kuangalia kope au nyusi. Neva ya uso na misuli yake viko juujuu, vimebanana, na mkondo unavishika vyote. Tena misuli ya jicho yenyewe hujinasua na dawa ya kulegeza mapema kuliko kidole gumba. Sababu hizo mbili zinasukuma upande mmoja: kipimo kinamtangaza mgonjwa kuwa na nguvu kabla hajawa nayo. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani umesema wazi tupime kwa kidole gumba na tusitumie misuli ya jicho. Kama mikono haifikiki, nendeni mguuni. Neva ya tibia inapita nyuma ya kifundo upande wa ndani, na kidole kikubwa cha mguu kitaonyesha mruko. Kama upasuaji wote ulifuatiliwa usoni kwa kukosa njia nyingine, hamieni mkononi kabla ya kuamua kumtoa mpira.

Najua mtaniuliza habari ya kuangalia kwa macho, kwa kuwa si kila chumba cha upasuaji kina mashine inayotoa namba. Jicho na mkono wa binadamu hushindwa kuona kufifia pale uwiano unapopita kama 0.4. Kati ya hapo na 0.9 tunapapasa gizani. Kwa hiyo usiache kosa la mahali liongezeke juu ya udhaifu huo.

Turudi kwa wenzangu wa fiziotherapia, maana paja lina shida zake.

Unampokea mgonjwa baada ya upasuaji wa goti. Unataka kujua misuli ya mbele ya paja imepoteza nguvu kiasi gani, na baada ya wiki sita imepata kiasi gani. Maumivu yanamzuia kusukuma kwa hiari yake yote, basi unausisimua msuli kwa umeme na kupima nguvu kwenye kifundo cha mguu kwa kipimo kilichofungwa kwenye kiti. Njia ni nzuri. Mwaka 1954 Merton, kule London, aliitumia kwa msuli uleule wa adakta wa kidole gumba kuonyesha kwamba mtu mwenye afya akijitahidi kabisa hufikia nguvu ileile inayotolewa na umeme kupitia neva. Lakini Merton alikuwa na neva moja iliyo wazi kwenye kifundo cha mkono. Paja ni kitu kingine. Neva yake iko kwenye kinena, mahali ambapo wagonjwa wengi hawapendi kuguswa na wengi wetu hatupendi kubandika. Tunabandika juu ya nyama.

Ukibandika juu ya nyama, mkondo huchagua matawi ya neva yaliyo karibu na pedi. Nyuzi za juu hukaza, za ndani zaidi zinabaki zimelala. Ukiziweka pedi mbali zaidi, mkondo unazama ndani zaidi. Ukitumia pedi ndogo, mkondo unajikusanya, ngozi inauma, na mgonjwa anakusimamisha kabla msuli haujajibu vya kutosha. Ukiikuta nukta ya mwendo, unapata nguvu nyingi kwa maumivu machache. Ukiikosa, unaongeza mkondo kufidia, na mkondo ulioongezwa unasambaa hadi misuli ya nyuma ya paja. Hiyo inavuta goti upande wa pili. Kipimo kwenye kiti hakioni misuli miwili inayoshindana. Kinaona tofauti yao tu, na wewe unaandika kwamba misuli ya mbele ni dhaifu.

Kuna tena hili la kiungo kusogea. Ngozi na msuli havisogei pamoja. Uliyemtafutia nukta ya mwendo akiwa amelala, mguu umenyooka, ukamketisha na kukunja goti digrii 90, msuli umenyooshwa na nukta imehama chini ya ngozi ingawa pedi haijasogea. Tafuta nukta katika mkao uleule utakaopimia. Vilevile mkono unaozunguka, bega linaloinuka, kifundo cha mguu kinachopanda.

Na mafuta. Mtu aliyelazwa muda mrefu msuli wake umepungua na mafuta ya chini ya ngozi yanaweza kuwa yamebadilika pia, kwa hiyo mkondo uleule haufiki kama ulivyofika mwezi uliopita. Pedi iliyotumika mara nyingi hadi jeli ikakauka inashika pembeni na kuachia katikati, na ile sehemu ndogo inayoshika inabeba mkondo wote. Tunajua kwa nini pedi zinatumika tena na tena katika vituo vyetu, wala simlaumu mtu. Ila zikikauka, zisitumike kupimia. Zibaki kwa mazoezi kama bado hazichomi, na zile nzima ziwekwe kando kwa siku ya kipimo.

Mama anayempeleka mtoto kliniki anajua kwamba akipimwa leo na shuka na nguo nzito, na mwezi ujao akipimwa mtupu, kadi itaonyesha mtoto amepungua. Muuguzi wa kliniki hawezi kukubali hilo. Sisi tunalikubali kwenye paja kila wiki.

Kwa wale wa kiharusi, nitaligusa kwa ufupi. Liberson na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba ukisisimua neva ya peroneali, inayozunguka chini ya goti upande wa nje, mgonjwa anaweza kuinua unyayo unaoburuzwa anapotembea. Hapo neva inagawanyika kwa misuli inayoinua unyayo na ile inayoupindua nje. Sogeza pedi kidogo na unyayo unapinda nje zaidi ya kupanda. Mwingine atapima pembe ya kifundo na kusema mashine haimfai mgonjwa huyu. Kabla ya kusema hivyo, sogeza pedi, mwambie atembee tena, angalia kisigino kinavyotua.

Na wale mtakaopima umeme unaotoka kwenye msuli badala ya nguvu yake, elektrodi za kupokea nazo zina mahali pake. Moja ikae juu ya nukta ya mwendo, katikati ya nyama, na nyingine juu ya kano ambako hakuna nyama. Wimbi likianza kwa kushuka kidogo kabla ya kupanda juu, upande ambao mashine huchora hasi, mara nyingi elektrodi yako imekosa nukta. Isogeze kabla ya kupima kimo cha wimbi. Na elektrodi mbili za kupokea zikikaa kila moja upande wake wa sehemu neva inapoingia, mawimbi yanayosafiri pande mbili hukatana, na msuli wenye afya unaonekana mnyonge.

Sasa ombi langu, na ninaliomba kwa moyo wote. Fomu zetu za vipimo zina nafasi ya mkondo, ya muda wa mpigo, ya idadi ya mipigo kwa sekunde. Nyingi hazina nafasi ya mahali. Iandikeni kwa mkono ikibidi. Kwa paja: pima kwa futi ya kitambaa kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi ukingo wa juu wa pia ya goti, uandike pedi ya juu iko sentimita ngapi kwenye mstari huo na imeachana kiasi gani na ya chini, ya upande gani ni hasi, pembe ya goti ni ngapi, na pedi ni ya ukubwa gani. Chukua karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ilaze juu ya paja, chora pedi, chora kovu au baka la ngozi linalokusaidia kuilaza palepale safari ijayo. Iwekwe kwenye faili la mgonjwa. Itamfaa mwenzako atakayempokea zamu nyingine au mkoa mwingine, ambaye hatakuwa na wewe wa kumuuliza.

Kwa kifundo cha mkono: andika neva, andika upande, andika kama ulihamia usoni na saa ngapi ulirudi mkononi.

Na mkipewa ripoti isiyo na maelezo hayo, msione haya kumwuliza aliyeiandika, hata kama ni mkubwa wenu. Mwulizeni kwa heshima: daktari, pedi zilikuwa wapi?

Meza zilizo mbele zina mashine mbili, kalamu za elektrodi, futi, na plastiki. Tutaanza na kifundo cha mkono, kila mmoja kwa mwenzake, mkondo ukianza chini kabisa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani au mjamzito atatusaidia kuandika, asibandikwe. Tafuteni neva ya alna, wekeni alama kwa kalamu ya wino, someni mruko wa kidole gumba, halafu sogezeni pedi sentimita moja kuelekea katikati ya mkono msome tena. Andikeni zote mbili. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, karibuni mezani.